Foleni Mbele ya Duka Lililofungwa

Jamani, leo nimejiaibisha, tena mchana kweupe, Nyamagana katikati. Ninyi wawili mliohamishiwa Tabora mngekuwepo mngenizuia. (Au mngejipanga nyuma yangu, nawajua.)

Mnajua leo ilikuwa siku gani kwangu. Baba yake Adelina, Mzee Kristofa, mwalimu mkuu mstaafu, ameshuka asubuhi na meli kutoka Bukoba kuja kunitazama. Sikuwahi kumwona hata kwa picha. Mpango ulikuwa mwepesi: chakula cha mchana kwa dada yake Adelina kule Kirumba, mzee ale, ashibe, halafu aseme kama ananipa binti yake au hanipi. Kazi yangu ilikuwa moja tu, kuleta jogoo. Nilimpata kwa shangazi yangu Kisesa, jogoo mwekundu, mzito, mwenye hasira. Jana Adelina aliniambia, "Masalu, nakuomba. Toka na jogoo, fika na jogoo. Usipite popote."

Nikapita.

Wa kulaumiwa ni Bwana Ratilal, jirani yangu mwenye duka la vitambaa lisilo na vitambaa. Kaka yake yuko Uingereza, ananunua hisa za makampuni, na kila jioni Bwana Ratilal anasikiliza habari za soko la hisa kwenye redio, kisha ananieleza. Anasema mwenye akili hangoji kuambiwa, anasoma dalili. Dalili zenyewe ni tatu. Kwanza, kampuni inapata faida? Pili, watu wana hamu au wana hofu? Tatu, bei imetulia au inarukaruka? Nimemsikiliza tangu masika. Soko la hisa hatuna. Lakini foleni tunazo!

Basi leo napita mbele ya duka la ushirika, limefungwa, nikaona kizingiti kimefagiwa. Nikasimama. Duka lisilo na mali linafagiliwa nini? Halafu nikakumbuka kwamba jana nilimwona meneja wa duka hilo anapiga mluzi. Meneja ambaye tangu sukari ipotee hajacheka na mtu! Nikasema moyoni, faida hiyo, dalili ya kwanza hiyo. Nikawa nautazama mlango, kichwa upande, jogoo kwapani, nafikiri.

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasimama nyuma yangu.

"Kaka, kuna nini?"

Nikamwinulia mkono anyamaze, maana nilikuwa katikati ya kufikiri. Akanyamaza. Tena akatua kikapu chake chini.

Dalili moja haitoshi, nikaona nimwulize mtaalamu. Nikamfuata Bwana Ratilal mtaa wa pili. Akanikaribisha chai ya rangi isiyo na sukari. (Siku hizi sote tunajifanya ndivyo tunavyoipenda.)

"Bwana, watu wengi wakikimbilia kitu kimoja, maana yake nini?"

"Maana yake kuna wanachokijua," akasema. Akapuliza chai. "Au hakuna wanachokijua."

Mimi nusu ya kwanza ilinitosha, nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Kurudi, foleni! Imeanzia kwenye mlango wa duka, imekunja kona. Watu, vikapu, na mawe ya wale walioacha nafasi zao wakaenda kwanza kuchota maji. Moyo ukaniruka kwa furaha. Nikaenda mwisho wa mstari, nyuma ya mzee mmoja nadhifu, koti, kofia, mwavuli.

"Shikamoo, mzee. Wanatoa nini?"

"Marahaba. Hata mimi sijui, kijana. Nilikuwa nanyoosha miguu, nikaona watu."

Nikamwuliza wa mbele yake, akasema sabuni. Wa mbele zaidi akasema sukari. Mwingine akasema tairi za baiskeli, tena amekuja na tairi yake ya zamani ili wampimie. Hapo mtu mwenye akili zake angeshtuka. Mimi nilichanganyikiwa kidogo, halafu nikaelewa: kama kila mtu anataja kitu chake, basi vimekuja vyote!

Mzee akatazama jua. "Mimi niondoke. Nangojwa mahali."

"Mzee, usithubutu!" Nikamshika mkono wa koti. "Ukiondoka sasa utajuta. Tazama dalili." Nikamweleza habari ya kizingiti, ya mluzi, na hamu ya watu aliyokuwa anaiona kwa macho yake. Alinisikiliza kwa makini, anaitikia kwa kichwa polepole, nami nikajiona profesa. Akabaki.

Dalili ya tatu ikaja yenyewe. Jamaa mmoja kule mbele alikuwa anauza nafasi yake. Alianza na sigara mbili. Alipopewa akakataa, akataka kiberiti kizima. Kilipoletwa kiberiti, akataka kipande cha sabuni. Mara akashuka tena hadi sigara, mara akapanda. Bei inarukaruka! Lakini sasa, bei ikirukaruka unanunua au unakimbia? Nikakwama kabisa. (Bwana Ratilal alinieleza, ila jioni ile redio ilikuwa inakoroma.) Nikawaza: nikifika Kirumba na sukari, sabuni na tairi, nani atauliza jogoo?

"Mimi nina jogoo," nikasema kwa sauti.

Foleni nzima ikageuka. Jamaa akampokea, akampima kwa mkono, akanipisha. Akaondoka harakaharaka bila kungoja duka lifunguliwe. (Hiyo nayo ilikuwa dalili. Sikuisoma.)

Nikasimama mahali pangu papya. Mbele yangu mama mwenye mtoto, mbele yake jiwe, mbele ya jiwe mlango. Mama akageuka, uso ukamchanua.

"Ee, kaka, umerudi! Mbona umesimama huko nyuma? Jiwe lako hili hapa, nimekutunzia nafasi."

"Jiwe langu?"

"Si wewe ndiye wa kwanza? Mimi nilikukuta wewe, nikajua kuna kitu."

"Na hawa wengine?"

"Walinikuta mimi."

Jamani! Jua lote la Mwanza lilinihamia utosini. Foleni nimeianzisha mimi, kwa kutazama mlango! Halafu nimetoa jogoo kununua nafasi ya tatu, nyuma ya jiwe langu mwenyewe!

Habari ikakimbia hadi kwenye kona. "Ndiye huyo!" "Kaka, tuambie basi, wanaleta nini?" "Tairi zipo?" Nikafungua mdomo niwajibu. Na mlango nao ukafunguka. Meneja! Wanawake wakapiga vigelegele. Meneja akatutazama, macho mekundu, shati halijafungwa vifungo.

"Ndugu zangu, mnasubiri nini?"

"Mwulize huyu!" Vidole vyote kwangu.

"Humu hamna kitu. Mimi nilikuwa nimelala zangu, mna kelele." Akafunga.

Mtu akapaza sauti, "Mlanguzi huyo!" Mlanguzi, mimi! Mlanguzi gani anatapeliwa jogoo wake mwenyewe? Wakanizunguka, mwenye tairi akiwa mbele. Aliyeniokoa ni yule mzee mwenye mwavuli. Akapenya, akasema kwa sauti ya darasani, "Mwacheni. Hakuwadanganya. Amekosea tu, kama ninyi."

Nilikuwa sijamaliza kumshukuru, nikasikia sauti ninayoijua.

"Baba! Tumekutafuta mji mzima!"

Adelina. Hakuwa ananiambia mimi. Alimshika yule mzee mkono, halafu ndipo akaniona. Akanitazama usoni, akanitazama mikono mitupu.

"Masalu, jogoo yuko wapi?"

Mzee akageuka polepole. "Masalu ndiye wewe?"

"Ndiyo, mzee. Shikamoo." (Nilimwamkia mara ya pili.)

"Marahaba," akaitikia.

Kule Kirumba tulikula ndizi alizoleta mzee mwenyewe kutoka Bukoba, kwa dagaa. Nampenda Adelina, sifichi, na nilikuwa nakula nikijua huenda sitakula tena nyumbani kwao. Mzee akamaliza, akanawa, akajifuta taratibu.

"Nimefundisha maisha yangu yote," akasema. "Nimeona watu wengi wakimfuata mjinga. Leo nimemwona mjinga akijifuata mwenyewe, tena kwa kulipa."

Adelina akajifunika uso kwa kanga. Mabega yalikuwa yanamtikisika, sijui kwa kilio au kicheko.

"Nilikuwa nimeamua kukukataa," mzee akaendelea. "Lakini nikirudi nyumbani wataniuliza sababu. Nikiwaeleza habari ya foleni, wataniuliza, na wewe mwalimu ulikuwa unafanya nini mle? Kwa hiyo binti nimekupa."

Basi ndiyo hivyo, naoa. Nawaomba msicheke, wala msimsimulie mtu: habari hizi zikifika Bukoba, mzee hatakuwa tena na sababu ya kunikubali.