Jua, Karai na Suruali ya Kodrai

Leo jua limenianika, tena watu wakitazama.

Tangu nitoke Homa Bay nimekuwa nikizurura huku Migori, nikilala kwa Mama Achieng, ambaye huosha dhahabu na wenzake mgodini. Juzi niliona video: wataalamu wanamulika maji kwa mwanga mkali. Maji yanapata joto pale pale, yanaanza kutembea, na yanabeba vichembe vidogo hadi vinakusanyika kama watu penye ajali. (Shule niliacha mapema. Macho sikuyaacha huko.)

Nikawaza: dhahabu si ni vichembe? Jua si ni mwanga? Na lenzi kubwa ninayo.

Asubuhi kina mama walikuwa na karai la tope, jasho lao la wiki nzima. Walikuwa karibu kutia zebaki ili ishike dhahabu.

"Ngojeni! Hiyo ni sumu. Mwanga utawakusanyia dhahabu bure."

Mama Achieng akanikazia macho. "Omera, hii ndio chakula ya watoto wangu. Ikipotea, utanitambua."

Nikachuchumaa mbele ya karai, lenzi mkononi. Watu wakajaa. Doa la mwanga likatua kwenye maji, likatetemeka. Kitu kikang'aa!

"Mmeona?" Nikageuka kuwahutubia. (Kosa. Mkono nao uligeuka.)

"Kuna kitu inaungua," akasema mama mmoja.

"Hiyo ni harufu ya sayansi, mama."

"Basi sayansi iko kwa paja yako!"

Wuololo! Suruali yangu ya kodrai ilikuwa inafuka moshi! Nikaruka, nikapiga mayowe. Mama Achieng akanyakua kilichokuwa karibu, akanimwagia.

Karai. Lote.

Moto ukazimika. Kisha macho yote yakatua kwenye suruali, mahali dhahabu ya wiki nzima ilikuwa ikichuruzika.

"Vua," akasema Mama Achieng.

"Hapa?"

"Vua!"

Nikafungwa leso ya maua. Wakaisuuza suruali ndani ya karai, polepole, hakuna anayepumua. Dhahabu ikatokea! Ilikuwa imenasa kwenye mistari ya kodrai.

"Haki, hii inashika kuliko blanketi yetu!" akashangaa mama mmoja. (Blanketi ndilo hutandikwa kwenye mfereji wa kuoshea ili linase dhahabu.)

Blanketi limeng'olewa. Suruali imetandikwa mahali pake, na wamekataa kunirudishia. Nawaandikia nikiwa nyuma ya kibanda, ndani ya maua.

Tafadhali msicheke. Nimetafuta kazi mji baada ya mji, na aliyeajiriwa ni suruali.