Chaneli Namba Moja

Jumatatu, 7 Februari 2005

Mkutano wa Umoja wa wenye intaneti, Singida mjini. Wanachama watatu: mimi, Gasto wa stendi, na mwenyekiti wetu Mwalimu Felista. Sote tunachota kisima kimoja, yaani dishi moja la setilaiti lililo uani kwa Mwalimu, Mwankoko. Kutoka pale, kila mmoja ana redio zake mbili, ya pale na ya dukani, za kuuleta mtandao hadi kwake. Gasto kachelewa. Katozwa jogoo. Umoja wetu hautozi hela, unatoza kuku, na faini huliwa na wote.

Ajenda: redio zetu zinagongana hewani. Mteja anafungua barua pepe moja mpaka chai yake inapoa. Mwalimu kaja na mgawanyo. Yeye atatumia chaneli moja, Gasto sita, mimi kumi na moja.

Kumi na moja! Mimi, Shamte, niliyefungua intaneti ya kwanza mji huu, watu walipokuwa bado wananiuliza inaonyesha mpira saa ngapi! Nikauliza kwa adabu zote kwa nini mwenyekiti kajipa ya kwanza. Akasema namba si vyeo, ni njia tatu zisizokutana. Nikasema kama zote ni sawa, tubadilishane. Akasema kama zote ni sawa, kubadilishana kwa nini. Mwalimu mstaafu humshindi kwa maneno. Nikaandika kumi na moja daftarini. Kuandika si kukubali.

Habari kubwa ikaja mwisho. Mwalimu anang'atuka, anakwenda Kinampanda kulima alizeti. Duka ataachiwa mwanawe Damari. Jumamosi tunachagua mwenyekiti mpya, na mwenyekiti ndiye anayekaa na ufunguo wa chumba cha mitambo ya dishi. Naiona siku hiyo. Naona ufunguo ukining'inia kiunoni kwangu.

Jumanne, 8 Februari

Mkakati umekamilika. Matokeo ya kidato cha nne yanatoka wiki hii, na mwaka huu yamo kwenye intaneti. Atakayeyafungua kwanza ndiye mwenyekiti, hilo halina mjadala. Nimetangaza msikitini baada ya swala ya adhuhuri: matokeo ni kwa Shamte. Binti yangu Maryam naye anayasubiri. Hali chakula vizuri tangu juzi. Nimemwahidi ya kwake nitayafungua mwenyewe, kwenye kompyuta yangu.

Sasa, mtu mwenye jukumu kama hili atapitaje chaneli ya mkiani? Jioni nimeingia kwenye redio zangu kwa kompyuta, ya huku na ya kule kwenye dishi. Nimefuta kumi na moja. Nimeandika moja. Imekubali bila swali. Kumbe nafasi ilikuwepo!

Hanifa, mke wangu, kauliza Mwalimu anajua? Nimemwambia haya ni mambo ya kitaalamu. Kasema kila nikitaja utaalamu lazima kitu kiungue.

Jumatano, 9 Februari

Ushindi! Asubuhi kurasa zilifunguka kwa haraka. Mlingoti wangu ni mrefu kuliko wa Mwalimu, na urefu una faida zake.

Saa nne Mwalimu kapiga simu. Mtandao wake umekwama. Sheria ya Umoja iko wazi: mwenye mtandao humfuata asiye nao, hata kama duka lake limejaa wateja. Nikaenda mbio. Nafasi ya kampeni kama hii huletewi kila siku. Nikamwamkia shikamoo mara mbili. Nikapangusa kompyuta zake vumbi. Nikachomoa nyaya, nikachomeka. Nikashauri meza isogezwe dirishani. Hakuna kilichobadilika. Nikamwambia kwa masikitiko kwamba namshuku Gasto. Mtu wa stendi, nikasema, kazoea kupiga kelele.

Mwalimu kanipa karanga za kuchemsha. Kura moja nimeshaitia mfukoni.

Alhamisi, 10 Februari

Mtandao wangu nao unachechemea. Gasto huyo! Sasa kapanua mapafu! Nimeongeza nguvu ya redio yangu mpaka mwisho wa kipimo. Mwalimu, naambiwa, naye kaongeza ya kwake. Mambo yakawa mabaya zaidi kwetu sote wawili. Duka la Gasto peke yake ndilo linalokwenda vizuri, na huo ndio ushahidi wenyewe. Mwizi ndiye aliyeshiba.

Hanifa kauliza kama tabu hii ilikuwepo kabla sijahama chaneli. Nimemwambia hilo halihusiani. Kauliza linahusiana na nini. Nimelala mapema.

Ijumaa, 11 Februari

Yametoka!

Saa tatu duka limejaa hadi barazani, na mvua inanyesha. Wazee wa kanzu, akina mama waliotoka Ikungi alfajiri, wanafunzi. Maryam mbele kabisa, mikono kaibana katikati ya magoti. Nikabonyeza. Ukurasa mweupe. Nikabonyeza tena. Mweupe. Nikawatangazia kwamba kompyuta inatafuta. Mzee mmoja akauliza imepoteza nini.

Saa nne bado. Habari zikafika kwamba kwa Gasto yanafunguka. Watu wakaanza kuondoka, wawili wawili, bila kuniaga. Maryam hakuondoka. Alisema nilimwahidi, atasubiri. Machozi yakaanza kumtoka kimya kimya. Moyo uliniuma, sifichi. Uenyekiti niliusahau kabisa, kwa muda.

Mara Gasto huyo, juu ya baiskeli, kalowa chapachapa! Kafunga duka lake siku ya matokeo. Kasema sheria ni sheria, wenzake wawili hawana mtandao. Kwenye mfuko wa rambo kaleta matokeo ya shule zote za Singida, kayachapa, na nyuma yake wateja wote wanamfuata. Kayabandika kwenye ukuta wangu! Watu wakanipigia makofi mimi. Sikuwakatalia.

Maryam kapata daraja la pili. Nililia mbele ya watu. Nikasema ni vumbi. Mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri.

Ingekuwa heri Gasto angeishia hapo. Lakini kasema tutafute ugonjwa: kila mtu azime redio yake kwa zamu, Mwalimu atueleze kwa simu hali ya dukani kwake. Gasto akampigia simu kijana aliyemwacha akilinda duka, redio yake izimwe. Kwa Mwalimu hakuna kilichobadilika. Nikazima ya kwangu kwa kompyuta. Mwalimu akapiga kelele simuni kwamba sasa mtandao unakimbia! Gasto akageuka kusoma kioo cha kompyuta yangu. Akasoma polepole, kwa sauti, watu wote wanasikia: chaneli moja.

Nikasema ni upepo. Upepo wetu wa Singida nani asiyeujua, unang'oa mabati, sembuse chaneli! Mwalimu kauliza simuni kama upepo huo hubonyeza na vitufe.

Jumamosi, 12 Februari

Faini: majogoo wawili. Hanifa kawapika, kwetu, kwa karanga. Umoja ukala mpaka mifupa. Nilikula kidogo, kwa kuwa nilikuwa natafakari hotuba.

Kura. Mimi nilijipigia mwenyewe. Mwalimu kampigia Gasto. Gasto, eti kwa heshima, kampigia Mwalimu aendelee. Moja, moja, moja! Mwalimu kapendekeza apatikane mpiga kura wa nje, mtu mwenye haki, asiye na upande. Macho yakazunguka chumbani. Yakatua kwa Hanifa, aliyekuwa anaondoa sahani.

Nilijizuia nisicheke. Mke wangu wa ndoa! Nikasimama kabisa kuupokea ufunguo. Hanifa kafuta mikono kwenye khanga, kasema Gasto, kabeba sahani, kaenda zake.

Jumapili, 13 Februari

Nimelala juu ya jambo hili na nimeamka nimelielewa. Sikushindwa kwa hoja. Nilishindwa kwa siasa za jikoni, ambazo haziingii katika takwimu.

Na sikutoka mikono mitupu. Umoja umeniundia cheo: Mkaguzi wa Chaneli. Kila asubuhi nitasikiliza hewani, nione nani yuko wapi, niwaonye wenzangu kabla redio hazijagongana. Mwalimu kasema mji huu hakuna anayejua kuvuruga kunishinda mimi. Nimempa shukrani. Sifa kutoka kwa mwalimu ni sifa. Mwenyekiti Gasto naye kanipa mkono, kasema tumeaminiana, na wote wamenipa maneno yao ya siri ya kuingilia kwenye redio.

Maryam kaniambia baba, sasa tulia. Nimetulia. Nimekaa hapa na uji wangu, kompyuta mbele, nafanya ukaguzi wa kwanza. Chaneli moja, sawa. Kumi na moja, ya kwangu, tupu na ya upweke. Sita, ya mwenyekiti mpya, inateleza kwa namna isiyo ya kawaida. Inatia shaka. Na mkaguzi wa kweli hapimi njia kwa macho, huipita mwenyewe. Kwa hiyo nimehamia huko. Kwa ukaguzi tu.

Gasto kapiga simu sasa hivi. Mtandao wake umekwama ghafla, hajui kwa nini. Nimemwambia asiguse kitu, mkaguzi yuko njiani.