Majina Arobaini ya Kikombe

Jumatatu, tarehe 8 Septemba

Leo nimeanza kazi. Diploma imetoka, na kila mtu hapa Butembo ameniuliza sasa nitafanya nini. Jibu ninalo. Vikombe!

Kimoja ninacho tayari. Tantine Élise, shangazi yangu, dada mdogo wa Papa, mwenye butiki kule Beni, alikikuta ndani ya kartoni ya sahani alizotoa Kampala. Ni cha buluu. Ukikimiminia chai ya moto kinageuka chekundu kizima. Chai ikifika joto la kunyweka, buluu inarudi polepole. Hakuna kuungua ulimi. Hakuna kupuliza mbele ya wageni. Nimekijaribu mara kumi na tisa leo, na majani ya chai nyumbani yamekwisha.

Sharti la Tantine: Jumatatu ijayo anarudi Kampala. Nikimletea Jumamosi majina arobaini ya watu wanaokitaka kweli, atachukua kartoni nzima na kunipa rafu yangu mwenyewe katika butiki. Nikikosa, naenda Kamango kwa mjomba Jean-de-Dieu kugeuza kakao kwenye jua. Kakao haina neno. Lakini mtu aliyepata asilimia sitini na tano asigeuze kakao hadi uzee.

Shida ni moja. Siwezi kusema na watu nisiowajua. Ninaowajua pia, inategemea. Shuleni mwalimu akiniuliza swali, nilikuwa naujibu ubao. Kwa hiyo nitauliza bila kufungua mdomo. Lazima njia iwepo.

Jumanne, tarehe 9

Mbinu ya kwanza. Asubuhi nilitundika daftari kwa kamba kwenye kibanda cha Mama Syauswa, anayeuza chai na mandazi hapa kwetu Mususa. Juu niliandika: UNATAKA KIKOMBE KINACHOONYESHA KAMA CHAI NI MOTO? ANDIKA JINA LAKO. Kisha nikakimbia.

Jioni nikarudi. Jalada lilikuwepo. Kurasa hazikuwepo! Mama Syauswa alinishukuru sana. Alisema karatasi za kufungia mandazi zilimwishia saa mbili tu, na Mungu alikuwa ameshamtundikia nyingine.

Ulibaki ukurasa mmoja na jina moja: Bénite. Tulikaa benchi moja miaka miwili. Sasa anauza yuniti za simu mbele ya kibanda hicho, chini ya mwavuli, na sauti yake inavuka barabara bila kuangalia pikipiki. Chini ya jina aliandika: "Mie niko na kidole. Nachovya."

Nimelihesabu. Jina ni jina.

Jumatano, tarehe 10

Mbinu ya pili: kikombe kijieleze chenyewe. Papa ni shemasi, na leo wazee wa kanisa walikutana sebuleni kwetu. Mama alinipa birika nipitishe chai. Mzee Kataliko, mkubwa wao, nikampa kikombe changu. Sikusema kitu. Nilitaka tu kuusoma uso wake, kama mtu wa sayansi.

Kiligeuka chekundu mkononi mwake kabla hajamaliza kukiombea. Alifumbua macho. Akaangalia kikombe. Akaangalia kiganja chake. Akauliza kwa sauti ndogo nani amempima.

Nilisahau! Miaka ile ya Ebola tulipimwa joto kwenye kipaji cha uso kila mahali: kanisani, sokoni, barabara ya Beni. Aliyeonekana na joto, kipimo kikawaka chekundu, aliwekwa kando. Hakuna aliyesahau isipokuwa mimi. Wazee wawili walisogeza viti. Watatu walitoka kunawa mikono. Papa, ambaye kikombe hukiita kopo, akaniuliza hiyo ni kopo ya namna gani. Jibu nilikuwa nalo, refu na zuri. Niliiambia sakafu.

Mzee Kataliko alipelekwa kituo cha afya kwa pikipiki. Thelathini na sita na nusu. Mzima kabisa.

Matokeo: watu wanane walikitazama kikombe bila kupepesa macho. Hamu ipo.

Alhamisi, tarehe 11

Mama alinituma kwa Mzee Kataliko na chana ya ndizi, nikaombe radhi. Nilisimama mlangoni, ndizi mbele ya uso. Ugunduzi! Nyuma ya ndizi naweza kusema sentensi tatu nzima.

Mzee alizipokea ndizi. Kisha akauliza kama kopo hiyo inaonyesha pia chai iliyopoa. Nikasema inaonyesha. Akaangalia upande wa jikoni, akanisogelea, akasema ni miaka thelathini na minne mke wake anamletea chai baridi na kuapa kwamba ni moto. "Mutoto, andika. Kataliko. Andika mbili. Moja ya kunywea, moja ya ushahidi."

Mteja wa kweli!

Kumbe jikoni wanasikia. Mama Rébecca, mke wake, alijibu kutoka huko kwamba siku kopo hiyo itaingia kwa mlango, yeye atatoka kwa dirisha. Nimemwandika pia. Kwenye maoni nimeweka: anafuatilia kwa karibu.

Majina matatu. Bado thelathini na saba, na siku moja.

Ijumaa, tarehe 12

USHINDI!

Mbinu ya tatu ilikuwa rahisi: kukaa kwenye meza kando ya barabara na kuonekana mtu wa kazi. Nilivaa gile ya kaka yangu, kizibao chenye mifuko minane, kwa ajili ya biki, yaani kalamu. Nilipiga mistari kwa rula: namba, jina, mtaa, watu wangapi nyumbani, simu. Watu wa nyumbani ni muhimu, maana watu sita ni vikombe sita. Mbele ya meza niliandika VIKOMBE. Nikasubiri, macho chini.

Mama mmoja alikuwa anapita na mzigo wa majani ya mihogo. Akasimama. Akaangalia gile. Akaangalia mistari. Akatua mzigo, akataja jina lake na watu tisa. Hakuuliza hata swali moja! Nyuma yake wakaja wawili. Kisha kumi. Kabla ya saa tano foleni ilikuwa imepita kibanda cha Mama Syauswa, na watu wakijipanga wenyewe, wakiambizana wasisukumane. Wengi walitoa karti ya uchaguzi bila kuombwa. Nadhani ni adabu.

Bibi mmoja aliuliza kama vikombe vitakuja pamoja na blanketi. Nilitikisa kichwa namna ya mtu asiyejua. Akanibariki. Mkubwa wa nyumba kumi alikuja pia. Nilidhani ananifukuza. Alitaka tu jamaa yake iandikwe juu. Hata Bénite alifunga mwavuli akaja. Nyumbani kwao wako wanne. Ameandikisha kumi na mmoja! Wanapenda chai kuliko nilivyofikiri.

Majina mia mbili na kumi na manne. Na sikusema neno.

Jumamosi, tarehe 13

Nilichukua gari la kwanza la Beni. Kabla ya saa nne nilikuwa Mavivi, pembeni mwa Beni, kwa Tantine. Nilimpa listi nikakaa, mikono juu ya magoti.

Alisoma ukurasa wa kwanza. Akaurudia. Akauliza kwa nini mtu anayenunua kikombe anahesabiwa watoto. Nikaeleza. Akauliza nilivaa nini. Nikaeleza. Aliiweka listi mezani taratibu, kama mtu anayetua mayai. Kisha akauliza, kati ya watu hawa wote, wangapi waliosikia kutoka kwangu neno "kununua".

Nilifikiri vizuri. Hakuna.

Akachukua simu, akapiga namba ya kwanza, akaweka sauti juu. Ilikuwa mama wa majani ya mihogo. Alisema wanatungoja, wako tisa, na kama shirika la misaada litaleta na mafuta, bidoni yake ya kuyatilia iko tayari. Wa pili aliuliza kama tutagawia Mususa au kwenye uwanja wa mpira. Wa tatu hakutungoja tuseme. Aliomba Mungu azidi kulisimamia shirika letu.

Ndipo simu yangu ikalia. Mama, kutoka Butembo. Aliuliza, kwa upole wa kuogopesha, kwa nini watu mia moja wamesimama mbele ya geti letu na mabeseni.

Tantine alicheka mpaka akashika ukuta. Alipomaliza alipangusa macho, akachukua biki na kufuta listi, ukurasa baada ya ukurasa. Akafuta Mama Rébecca. Akafuta Bénite. Likabaki jina la Kataliko. Jina moja haliagizi kartoni. Jumanne nitapanda gari la Kamango.

"Kopo haina shida, mwana wangu," alisema. "Ila bantu, haukubauliza."

Alisema bila hasira kwamba sikuwauliza watu, na hiyo ndiyo iliyoniumiza. Nililia kidogo ndani ya gari, nimegeukia dirisha ili mtu asiniulize nina nini.

Jumapili, tarehe 14

Tuliporudi kutoka kanisani watu walikuwepo tena getini. Mabeseni, ndoo, mifuko. Papa alisema aliyeandika ndiye atakayesema. Alileta kiti, akanisimamisha juu yake. Hakuna kilichonisumbua maishani kama kiti kile.

Nilisema. Wa mbele walisikia "vikombe" tu. Wakapiga makofi! Nikarudia. Makofi zaidi, na mama mmoja akapiga vigelegele. Mwishowe Bénite, mwenye mabeseni mawili, aligeuka akapaza sauti: "Anasema ni za kuuza! Za ku-u-za! Bantu barudi kwao!"

Mabeseni yakateremshwa. Kisha wakaanza kuondoka, wakinung'unika. Bibi wa blanketi alinishika shavu, akaniambia nikue tu, akili itafuata. Bénite aliniuliza nani atamlipia Jumapili yake.

Nilibaki nimekaa kwenye jiwe la geti, nikiwatazama wanavyoteremka. Nilifikiri kwa bidii, bila kujihurumia. Kosa ni langu. Nilichagua chombo kibaya! Watu hawa walikuja na nini? Kikombe sikuona hata kimoja. Mabeseni! Ya kila rangi! Na katika baridi hii ya Butembo, nani haogi maji ya moto kwenye beseni kila asubuhi? Nani hajaruka alipoingiza mguu? Beseni linaloonyesha joto! Nani atalikataa?

Nimemwandikia Tantine aangalie mabeseni Kampala. Hajajibu. Bila shaka anapiga hesabu ya kartoni. Kwa kuwa anaondoka kesho, nimepiga mistari mipya na kusahihisha kasoro ya listi ya kwanza: nafasi ya watu wa nyumbani ilikuwa nyembamba mno. Saa tisa nimeibandika kwenye geti, juu nimeandika MABESENI, nikaingia ndani.

Saa tisa na nusu nimechungulia. Majina arobaini na moja! Na pembeni mtu ameongeza, kwa mwandiko mzuri sana, safu ya sabuni.

Nimeiacha. Huyo anaelewa biashara.