Samaki wa Monique Hataki Kutoka Chunguni

Jumatatu, 4 Februari 2013. Lodwar.
Siku zangu si nyingi, kwa hiyo niseme nilichoficha. Nilifundisha sayansi maisha yangu yote, nikiwacheka wazee wanaopiga ramli kwa kurusha akala, ndara za matairi. Leo nimefunga mlango, nikarusha akala zangu juu, nione zikianguka zinamwelekea nani. Kwa ajili ya samaki! Binti yangu Awoi asijue.

Samaki mwenyewe ni perege kibete, hazidi kidole, tumbo jekundu. Ni wa Monique, muuguzi Mkongomani wa Kakuma anayenitibu moyo. Alipokwenda likizo aliniachia tangi lake la kioo. Akasema, Papa, umtazame vizuri, na yeye atakutazama. Sasa amejificha katika chungu kidogo kilichomo tangini. Hali kitu. Mapezi ameyakunja, anahema mbio. Monique anarudi Jumapili. Akimkuta amekufa, nitamtazamaje? Tena huyu ndiye pekee humu ndani asiyeniuliza nimelalaje.

Akala zilielekea kiti changu. Sakafu haiko sawa. Nilirusha tena. Nyumba ya Elmi. Nilijua!

Jumanne, 5 Februari.
Awoi alisimama mlangoni, kama kila asubuhi, ahakikishe nimemeza kidonge. Nilikohoa, nikaegemea tangi, mambo yakaisha.

Elmi ndiye Msomali anayetuletea maji kwa mkokoteni wa punda. Nilimwambia maji yake yana chumvi, yanaua samaki. Alijaza kikombe, akanywa chote mbele yangu. Akasema, Mwalimu, wanangu wanakunywa haya haya, huyo samaki wako ni mheshimiwa gani? Awoi alicheka mpaka akakaa chini. Punda pia alinitazama vibaya.

Alhamisi, 7 Februari.
Dhana ya pili: joto. Nilifunika tangi kwa leso mbichi ya marehemu mke wangu. Samaki akaanza kuwa mweusi. Kwa tochi nikaona unga mweupe umetanda chini. Chumvi! Nikawatangazia majirani. Kufikia jioni nyumba nne zimeacha kununua maji ya Elmi. Alipita na mapipa yamejaa. Nilimsalimu, ejok, akamharakisha punda. Ushindi wa sayansi, lakini chakula cha jioni sikukimaliza.

Jumapili, 10 Februari.
Monique amekuja. Hakuuliza habari zangu kwanza. Alimhamishia samaki kwenye beseni la maji safi, yale yale ya Elmi. Kabla ya saa kumi alikuwa ametoka kifichoni, akala inzi wawili. Nilitokwa na machozi, nikasingizia vumbi.

Monique alichovya kidole kwenye ule unga, akaonja, akatema. Akaniuliza taratibu, Papa, mgonjwa hapa ni nani? Nikamwambia aende akamuulize Elmi.

Ameondoka na samaki wake kwenda Kakuma. Hakunikasirikia. Heri angenikasirikia.

Jumatatu, 11 Februari.
Mezani pamebaki alama ya tangi. Chumba kimekuwa kikubwa.

Niseme basi, kabla sijaitwa. Unga ule ni vidonge vyangu. Kila asubuhi niliweka kimoja chini ya ulimi, nikakohoa, nikakitema majini. Si kwa uchungu wake. Vinaniletea usingizi, nami naogopa kulala nisiamke. Samaki alikuwa akimeza dawa ya moyo wangu, na mimi nikimkagua kwa tochi.

Elmi nitamwomba radhi. Atakapopita. Asipokuwa na haraka.

Jioni hii mbuzi mweupe wa Awoi amejitenga nyuma ya choo. Hataki majani, anahema. Awoi ananiuliza, Baba, ni ugonjwa gani huu? Nimemwambia nitachunguza, nashuku majani ya sokoni. Alipoingia jikoni nilirusha akala. Zote mbili zimenielekea mimi. Sakafu hii haifai kabisa.

Kidonge cha leo asubuhi nilimpa mbuzi.