Jinsi Absalom Amolo Alivyoushinda Mlango wa Busia

Enyi wauza dagaa omena wa Luanda Kotieno, tueni beseni zenu. Nanyi waendesha boda wa Manyatta, zimeni injini mnisikilize. Maana nasimulia habari za Absalom mwana wa Amolo, bwana wa matairi makuukuu, mwenye tumbo la kutangulia na sauti ya kufuata, aliyevuka mpaka wa taifa akiwa amevaa koti la harusi yake, akapigana na mlango wa mbao, akaushinda kwa shida sana.

Chanzo cha vita kilikuwa wivu, wala sitakificha. Shemeji yake, Sydney, alikuwa amenunua fleti Dubai, na tangu siku hiyo hapakupita matanga wala harusi Kisumu bila yeye kusimama na kutaja wapangaji wake wa ughaibuni. Neno hilo, ughaibuni, lilimwingia Absalom tumboni kama minyoo. Dubai ilikuwa mbali na mfuko wake. Kwa hiyo jicho lake lenye njaa likaifuata barabara itokayo Kisian kwenda magharibi mpaka ikagonga mpaka. Na hapo Busia, upande wa Uganda, mahali ambapo jogoo wa Kenya akiwika husikika vizuri, akanunua kupitia kwa dalali nyumba ya vyumba viwili ambayo hakuwahi kuiona.

“Ni nje,” alimwambia mkewe, Sheryl. “Mpakani unaonyesha kitambulisho. Penye kuonyesha kitambulisho ni nje.”

Ili nyumba hiyo ipatikane waliuza kiwanja chao cha Kisian, ambacho Sheryl alikuwa amekitengea mradi wa kuku, naye alikubali kwa sharti moja: kodi ya mpangaji ndiyo itakayomsomesha binti yao Lornah uuguzi.

“Mpangaji yuko?” aliuliza.

“Yuko, wa miaka na miaka. Amesimama pale kama mlima.”

“Basi nenda ukauone huo mlima kabla haujahama.”

Jumamosi asubuhi shujaa akaondoka, akavuka, akauliza njia kwa watu ambao hawakumuuliza jina, akafika. Mbele ya nyumba aliketi mwanamke aitwaye Nasambu, fundi wa kushona sare za shule. Cherehani yake ilikuwa imefungwa kamba, godoro limekunjwa, sufuria zimo ndani ya gunia. Mtu yeyote mwenye macho angeelewa. Lakini Absalom alikuja na hotuba, na mwenye hotuba haoni kitu mpaka aimalize.

“Mama,” alianza, akishika ukosi wa koti, “wewe uliyekaa siku nyingi chini ya paa hili bila kumjua bwana wake, furahi. Mimi ndimi Absalom. Nimeiacha nchi yangu, nimevuka mipaka ya mataifa, nije niyatazame maisha yako. Chini ya ulinzi wangu utaishi kwa amani, wewe na kizazi chako, na kodi utailipa mapema kila mwezi.”

Nasambu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa kuwa alilelewa vizuri.

“Karibu, Mzee,” akasema. “Lakini sisi tunahama leo. Mume wangu Waswa ameenda kutafuta mkokoteni.”

“Mnahama kwa nini?”

“Mlango.” Akauonyesha kwa kidevu. “Mvua ikinyesha unavimba, haufungiki. Usiku nauzuia kwa cherehani. Mwenye nyumba wa kwanza alisema atautengeneza, akauza. Wa pili akasema hivyo hivyo, naye akauza. Wote waliongea vizuri kama wewe. Juzi mwizi akaingia, akabeba vitambaa vya wateja. Sasa nimechoka.”

Hapo ndipo Absalom alipoliona godoro lililokunjwa. Akilini aliiona nyumba ikiwa tupu, akamwona Lornah amerudi nyumbani na sanduku lake, akamwona Sheryl asiyesema neno, ambaye ni wa kutisha kuliko Sheryl anayesema. Akageuka, akakimbia. Naam, alikimbia, tumbo mbele, hadi karakana ya jirani, alikokuwa seremala wa majeneza aitwaye Nicodemus, akaomba kuazima randa.

“Umewahi kupiga randa?” Nicodemus aliuliza.

“Nimeongoza biashara kwa miaka mingi.”

“Mimi nimeuliza randa.” Seremala akafikiri. “Acha koti hapa. Ukirudisha randa, utalichukua.”

Hivyo shujaa aliingia vitani bila ngao. Alilegeza skrubu za bawaba kwa kisu cha mezani alichopewa na Nasambu, na ya mwisho ilipotoka, mlango, ambao ulikuwa umewavumilia wenye nyumba wote waliotangulia, ulimwangukia huyu. Akalala chini yake. Simu ikalia mfukoni, alikuwa Sydney.

“Shem, nasikia uko nje ya nchi,” alisema Sydney, na nyuma yake watu walisikika wakicheka. “Mambo ya huko?”

“Niko kwenye kikao na wapangaji,” alijibu Absalom kutoka chini ya mlango. “Nitakupigia.”

Akajitoa, akashika randa, akashambulia. Alisukuma kwa hasira ya simba. Maranda yakaruka kama manyoya ya kuku anayenyonyolewa, yakamjaa shingoni na masikioni. Nasambu alimwacha aendelee kidogo, kisha akasema kwa upole, “Mzee, huo ni upande wa juu. Unakwama chini.”

Akageuza. Akaranda upande wa chini akiwa amepiga magoti, akihema, huku malengelenge yakimtoka kwenye viganja ambavyo havikuwahi kubeba hata tairi moja kati ya yale aliyouza. Alipotaka kusimama, kiuno chake kilisema kriki, kikakataa.

Waswa akafika na mkokoteni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Akamtazama mgeni aliye chini, akautazama mlango, akauinua na kuushikilia mahali pake bila kuuliza kitu. Absalom akakaza skrubu za chini kwa kisu akiwa amekaa sakafuni, Waswa akamalizia za juu.

Nasambu akaingia ndani. Akaufunga mlango. Akaufungua. Akaufunga tena, na safari hii wakasikia komeo likiingia.

“Tutakaa,” sauti yake ikasema kutoka ndani.

Shujaa alitaka kuhutubia, lakini hakuweza hata kusimama. Waswa akajikuna kichwa. “Mkokoteni nimeshaukodi,” akasema. Akamrudishia Nicodemus randa, akalichukua koti, akamlaza Absalom juu ya mbao za mkokoteni na kumfunika nalo, akamsukuma katikati ya soko. Wauza ndizi walisimama kumtazama. Mmoja alivua kofia, akidhani ni maiti. Hakuna mfalme aliyewahi kupita pale kwa heshima kama hiyo.

Mpakani, afisa mmoja wa kike akawasimamisha, akauliza ni mzigo gani huo.

“Mwenye nyumba,” alisema Waswa.

Basi ndivyo alivyoingia Kenya: chali, maranda masikioni, mmiliki wa mali ya ng’ambo. Huko Dubai Sydney hajawahi kugusa hata bawaba. Wanaoandika tarikhi za mataifa, wakimaliza kuwaandika majemadari wao, waandike na hili pia, kwamba Jumamosi hiyo, Busia, mlango mmoja ulifungika.