Ombi la Kuondoa Vyuma Vyote Mtaa wa Mibuni kwa Siku Kumi na Nne

Japheth Gachau,
Ploti Nambari 41, Mtaa wa Mibuni,
Mugutha, Ruiru.

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wakazi wa Mtaa wa Mibuni.

Bwana Kyengo mpendwa,

KUH: VYUMA VYENU

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na jamii yako, pamoja na paa lako, ambalo nitalitaja hapo chini.

Mimi si mtu wa kulalamika. Hata chama kilipoelekeza mtaro wa maji machafu shambani kwangu nilinyamaza, nikapanda nduma. Lakini sasa yamenifika shingoni.

Unajua kwamba mtaa wetu ulikuwa shamba la kahawa la mzungu. Marehemu babu yangu alikuwa mpishi wake. Siku mzungu alipokuwa akifunga mizigo arudi kwao, babu alimwona kupitia dirisha la jikoni akiingia kwenye mibuni na sanduku na sepetu. Alirudi na sepetu peke yake. Babu alitusimulia habari hiyo mpaka alipofariki, na kila mwaka sanduku lilizidi kuwa zito. Sina shaka liko katika ploti yangu, kwa sababu ndiyo niliyonunua.

Mwezi wa tatu nilikwenda Thika kuchagua mashine ya kutafuta vyuma ardhini. Sikukurupuka. Muuzaji, Bwana Tobias, alinionyesha tatu. Ya kwanza inafika shubiri moja. Hiyo ni ya kutafuta funguo zilizoanguka kwenye nyasi, na mimi sijapoteza funguo. Ya pili inafika magotini, na ina kitufe cha kuiambia ipuuze chuma na isikie dhahabu peke yake. Ya tatu ina pete pana kama gurudumu la trekta, unaivaa mabegani kwa mikanda, na inasikia kina cha mtu mzima aliyesimama.

"Mzee," Bwana Tobias aliniambia, "hii ya tatu inaenda chini sana, lakini haichagui. Chuma, shaba, dhahabu, zote inalia tu. Chukua ya pili."

Nilimjibu kwamba mimi ni Mkristo na sitaingiza kwangu kitu kinachobagua. Isitoshe, mtu mwenye sepetu nzuri na siri moyoni haishii magotini. Nikamuuza mtamba wa mke wangu Warigia, nikachukua ya tatu.

Tangu siku hiyo, Bwana Mwenyekiti, mashine hainyamazi. Nikienda kwenye nduma inalia. Nikienda kwenye migomba inalia. Nikisimama nifikirie, inalia. Nimechimba mashimo kumi na tisa na nimepata udongo mwekundu. Ni wazi kwamba mashine haina kosa. Inasikia vyuma vya majirani. Naomba viondolewe kwa siku kumi na nne, na nataja vile vinavyoniumiza zaidi:

1. Mashine ya posho ya Nakhumicha, hatua hamsini kutoka uani kwangu. Nilimwomba kwa upole aifungue vipande vipande aipeleke Juja kwa majuma mawili. Akaniuliza, "Na watu wakule nini, mzee? Mahindi mazima kama kuku?" Nilimweleza kwamba kuku wake wana afya nzuri. Hanisalimu tena.

2. Mageti. Kama kweli sisi ni majirani wema, ni ya nini?

3. Mabati. Najua mtasema nianze na yangu. Nilianza. Jumatatu ya juma lililopita nilishusha paa langu lote, nikayapeleka mabati kwa shemeji yangu Ruiru mjini. Warigia alirudi kutoka sokoni akakuta anga. Alisimama sebuleni na kikapu chake, akatazama juu, akasema, "Baba Wanja, na mvua ikija?" Nikawasha mashine. Ikalia. Alikwenda kwa dada yake Juja na sufuria zote. Kwa upande wa vyuma hilo lilinisaidia. Kwa upande mwingine, sikujua nyumba yenye vyumba viwili inaweza kuwa kubwa namna hii.

4. Mguu wa kushoto wa Bwana Odongo. Jirani yangu huyu aliangushwa na pikipiki kule Kamakis, na daktari akamtia chuma ndani ya mfupa. Namheshimu sana; ndiye pekee ambaye bado ananiletea chai. Lakini anakuja na mguu. Nimemsihi asimamie barabarani, mimi nikifuate kikombe, naye anacheka tu. Napendekeza chama kimsafirishe kwao Siaya kwa heshima zote kwa hizo siku kumi na nne, au mguu peke yake, ikiwa mwenyewe ana shughuli.

5. Reli. Ombi hili lipitie kwako liende juu. Treni zenyewe si nyingi. Kati ya ile ya asubuhi na ile ya jioni, reli ingeweza kukunjwa kando.

6. Damu. Nimesoma kwamba damu ya binadamu ina madini ya chuma. Sitaki kuonekana mtu mgumu. Naomba tu kwamba wakazi wenye miili mikubwa watumie njia ya chini, mbali na ploti yangu, na kwamba wale walioagizwa na daktari kula mboga za kijani wazile baadaye.

Kwa kurudisha fadhila, fungu la kumi la sanduku litakuwa la chama, mkaelekeze mtaro mahali pengine.

Bwana Kyengo, mimi sitafuti utajiri wa kujionyesha. Warigia ameishi nami miaka thelathini na moja, na tangu uchumba wetu amekuwa akisikia habari za sanduku. Nataka siku moja, hata kama ni moja, aone kwa macho yake kwamba hakuolewa na hadithi. Mawingu yameanza kukusanyika upande wa Thika, kwa hivyo naomba jibu mapema.

Nisalimie mama watoto, wanakamati wote, na mlinzi. Salamu pia kwa geti lako jipya. Ni zuri kweli, lakini litoke.

Ni mimi mkazi mwenzako mwenye subira,

Japheth Gachau

Tanbihi: Kabla sijafunga bahasha, Warigia amekuja kuchukua Biblia yake. Amenikuta kwenye migomba, mashine ikilia. Hakuniangalia usoni, aliniangalia miguuni.

"Baba Wanja," akasema, "hizo si zile buti za kiwandani? Zile zenye chuma mbele, mzigo usikuvunje vidole?"

Nimezivua. Nimetembea miguu mitupu, pembe hadi pembe ya ploti, Warigia akinifuata nyuma. Mashine haikulia popote. Hakuna sanduku, Bwana Kyengo. Warigia akanishika mkono akasema, "Twende ndani," kisha akakumbuka kwamba hakuna ndani, akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi kwenye ukingo wa shimo. Nami nikaketi karibu naye. Hajachukua Biblia.

Tafadhali futa ombi la kwanza hadi la sita, na umwambie Odongo anaweza kuja na mguu. Badala yake naomba watu wenye nyundo Jumamosi asubuhi, kabla ya mvua. Mabati shemeji atayarudisha. Shida ni misumari. Niliitia yote kwenye debe, nikaenda kuifukia huko bondeni isisumbue mashine, na sikumbuki ni wapi hasa. Lakini hilo lisikutie wasiwasi: mashine ninayo.