Bi Mkubwa Atoka Chini ya Turubai

Jumatatu, 3 Agosti

Nimefanya jambo. Bado sijui kama ni la busara.

Tulikuwa kwa Mama, chai imeshamiminwa, akasema anataka kwenda kumwona Mama mdogo kule walikozaliwa, kabla magoti hayajagoma kabisa. Ni safari ya kutwa nzima kwa gari. Shemeji, mume wa dada yangu, hakungoja hata Mama ameze funda. Gari lake lipo, akasema, tutakwenda wote, Jumamosi ya wiki ijayo, alfajiri. Shemeji anafanya kazi ya bima. Mtu yule akipiga chafya hutazama saa.

Gari lake ni jipya. Halina kelele hata kidogo. Milango inajifunga yenyewe, kama inayotufukuza.

Hapo mdomo wangu ukanitangulia. Nikasema Mama hatasafiri kwenye gari la bima, atasafiri na Bi Mkubwa!

Dada akakohoa. Mke wangu akanitazama kama mtu anayeona maziwa yakifurika jikoni.

Bi Mkubwa ni gari la marehemu Baba. Jina hilo alilitoa mwenyewe, kwa sababu alilinunua kabla hajamwoa Mama. Limekaa nyuma ya nyumba ya Mama, chini ya turubai, tangu tumzike Baba. Mimi ndiye mtoto wa kiume. Kitinda mimba, ndiyo, lakini wa kiume. Usukani ule ni haki yangu.

Mama alisema tu, "Haya, kama ataamka."

Ataamka!

Jumanne, 4 Agosti

Sikwenda kazini. Mimi ni mwandishi wa mabango ya maduka, na bango halina miguu, litanisubiri.

Nimeondoa turubai. Vumbi, buibui, mjusi mmoja aliyenitazama kama mpangaji anayemwona mwenye nyumba. Kisha nikafungua mlango wa nyuma, na ile harufu ikanipiga usoni. Plastiki iliyochomwa na jua. Petroli. Maganda ya machungwa ambayo Baba alikuwa akiyaweka juu ya dashibodi ili gari linukie. Papo hapo nikawa na miaka minane!

Nilikaa mahali pangu, nyuma ya dereva. Kila likizo ndefu tulikwenda kwa kina Mama na gari hili. Dada na mimi nyuma, mapaja yamegandamana na kiti, tukisimama njiani tunajibandua kwa sauti kama ya plasta. Baba anapiga mluzi. Na kwenye ule mteremko mrefu, karibu na kufika, Baba alikuwa akizima injini ili kuokoa petroli. Halafu anasema, "Sikilizeni." Tunateleza. Upepo tu. Sijawahi kusikia kimya kingine kitamu kama kile.

Nikakaa humo mpaka mke wangu akapiga simu kuuliza kama tayari nimeshafika kwa Mama mdogo.

Kasoro ndogondogo: tairi zote zimelala chini. Panya wamekula nyaya. Kioo cha upande wa Dada bado lazima kivutwe kwa mikono miwili. Hicho sitakigusa. Hicho ni kumbukumbu.

Alhamisi, 6 Agosti

Fundi amekuja. Alifungua boneti, akavua kofia. Nikamwomba aivae.

Amesema injini haijafa, imenuna tu. Nikampenda papo hapo. Mpaka mchana alikuwa amemtoa Bi Mkubwa utumbo wote na kuutandaza juu ya magazeti. Alasiri akaurudisha. Likabaki kopo zima la bolti. Nikamuuliza za wapi. Akasema watengenezaji wa zamani walikuwa wanazidisha bolti kwa ukarimu.

Tukajaribu. Bi Mkubwa akakohoa mara ya kwanza, akakohoa mara ya pili, kisha akatoa wingu jeusi likaenda moja kwa moja kwenye shuka nyeupe za Mama zilizokuwa kambani. Mama akatoka. Akatazama shuka. Akatazama gari. Akasema, "Karibu tena, mke mwenzangu," akarudi ndani.

Nadhani alifurahi.

Ijumaa, 7 Agosti

Siku ya mkakati. Haitoshi Bi Mkubwa apande hadhi peke yake, lazima na gari la Shemeji lishushwe.

Nilimpitia Mama asubuhi, nikamweleza kwa upole kwamba kiyoyozi cha magari mapya huingia kwenye mifupa. Akasema nimefanya vizuri kumwambia, atabeba sweta. Nikamwambia Shemeji anakimbiza gari. Akasema bora, tutafika kabla ya giza. Nikamwambia viti vile ni laini mno, mtu anazama, kumtoa ni kazi. Akafumba macho, akauliza laini kiasi gani.

Jioni Dada akapiga simu kuniuliza kwa nini namtisha Mama. Nikasema sijui anazungumzia nini. Akaniita lile jina langu la utotoni. Sitaliandika hapa.

Jumamosi, 8 Agosti

Sakafu ina tundu upande wa abiria wa mbele. Si tundu la kutisha. Mguu unapita, mtu hapiti.

Fundi alitaka kuchomelea bati jipya. Nikamwambia aniachie. Ninalo bati zuri, bango ambalo mteja alilikataa. Nimelikata, nimelipigilia, limekaa kama limezaliwa pale. Kasoro yake ni moja: nililaza upande wenye maandishi juu. Sasa atakayekaa mbele atasoma kati ya viatu vyake: TUNANG'OA MENO BILA MAUMIVU.

Mke wangu amecheka mpaka akaegemea ukuta. Amesema yeye anapanda basi.

Nimepaka pia rangi mahali palipoota kutu. Rangi ya Bi Mkubwa ni ya maziwa. Yangu iliyobaki ni ya kijani. Kwa mbali, machweo, na mtu akiwa na haraka, haionekani.

Jumapili, 9 Agosti

Amewaka! Amewaka, ametembea, amekata kona!

Nilimchukua mke wangu kwa ahadi kwamba tunazunguka mtaa tu. Bila shaka nilikwenda moja kwa moja kwa Shemeji. Nilitaka nipite pale polepole, nipige honi, nipunge mkono kidogo kama mtu mwenye shughuli nyingi, niendelee.

Niliposhika honi, injini ikazima. Mbele ya geti lake. Katikati kabisa, gari lake haliwezi kutoka.

Shemeji akatoka na kandambili. Nilimsubiri acheke. Hakucheka. Alizunguka gari lote taratibu, akaligusa begani, hapo nyuma juu ya buti, akasema hapa ndipo alipoposea. Sikuelewa. Akaeleza kwamba siku ya kwanza aliyokuja kumwona Dada, Baba alimpa lifti ya kurudi kwao. Mbele kidogo gari likazima. Baba akamwomba asukume. Akasukuma kupanda kilima kizima, na shati lake jipya. Walipofika juu Baba akamwambia, "Kijana, rudi tena wiki ijayo." Shemeji mpaka leo hajui kama gari lilizima kweli.

Macho yake yalikuwa na maji. Yangu pia, lakini ya kwangu ni ya hasira. Mpaka ndani ya kumbukumbu zangu ameingia, na amekaa mbele!

Kisha akasukuma. Peke yake. Kwa kandambili. Mke wangu alimshukuru kwa niaba yangu.

Jumatano, 12 Agosti

Sijui niandike vipi haya.

Mama alikuja uani na kitambaa cha kufutia vumbi. Nikamfungulia mlango wa abiria. Akanipita, akafungua wa dereva, akaketi. Mikono yote miwili juu ya usukani.

"Miaka yote ile," akasema, "sijawahi kukaa hapa."

Nikamuuliza kwa nini hakujifunza. Akasema aliomba, tena sana. Baba alikuwa akijibu kwamba Bi Mkubwa hapendi kushikwashikwa na mke mwenza. Watu wanacheka, Mama anacheka nao, safari inaendelea, yeye kule upande wa pili na mfuko wake wa kutapikia.

Wa kutapikia? Kumbe Mama alikuwa akitapika njia nzima, kila likizo! Sisi nyuma tulidhani anachungulia mandhari.

Nikataka kumpoza. Nikamkumbusha ule mteremko, Baba akizima injini kuokoa petroli.

"Azime nani?" Mama akageuka kunitazama. "Lilikuwa linazima lenyewe. Baba yenu jasho linamtoka mpaka kwenye kola. Akisema sikilizeni, alikuwa anataka tusikilize kama litawaka tena."

Kimya changu kitamu, kumbe kilikuwa hitilafu.

Lakini Mama alikuwa anatabasamu. Akasema ni kweli upepo ulikuwa mzuri, hilo sikudanganywa. Kisha akasema, "Nionyeshe unavyozungusha ufunguo."

Nikamwonyesha. Mimi Bi Mkubwa lazima nimbembeleze mpaka jasho. Kwa Mama aliwaka mara moja, kama wawili hawa walikuwa na mambo yao. Mama akapiga honi. Akaipiga tena, ndefu. Nilikuwa nazunguka mbele niende upande wa abiria nimfundishe, namshukuru Mungu nilikuwa nimeshapita, kwa sababu aliachia klachi.

Bi Mkubwa akaruka! Akapita kwenye kamba ya nguo, akajitanda shuka ile ile aliyoichafua, akavuka ua mzima na Mama haonekani ndani, honi inalia, akaenda kukumbatiana na ukuta wa stoo.

Nilikimbia kuliko nilivyowahi kukimbia. Mvuke kila mahali. Nikavuta shuka. Mama alikuwa mzima, kifuniko cha honi kimembakia mkononi, anacheka mpaka machozi. Nikacheka naye. Kisha kicheko kikaisha, machozi yakabaki.

"Alikuwa mbishi, baba yako," akasema. "Angeniacha niendeshe hata mpaka dukani tu."

Tukakaa humo wote wawili. Sikumwambia ashuke.

Fundi alipofika alitazama rejeta iliyopasuka, akavua kofia. Safari hii sikumwambia aivae.

Alhamisi, 13 Agosti

Nimewaambia Dada na Shemeji kwamba aliyegonga ukuta ni mimi, nilichanganya breki na klachi. Dada alicheka akatafuta pa kukaa. Nikavumilia. Nilijisikia mtu mkubwa sana, mkimya, wa kutunza siri. Nikaanza hata kuipenda hali hiyo.

Jioni nikagundua Mama ameshampigia simu kila anayemjua. Majirani, binamu zake, Mama mdogo mara mbili. Ameendesha gari! Mwenyewe! Ua mzima! Ukuta anautaja mwishoni, kwa sauti ya chini.

Sasa mimi ni mwongo tu. Shemeji amenishika mkono akasema nilifanya vizuri kumkinga mama yangu. Hakuna kinachouma kama kusifiwa na yule bwana kwa dhati.

Jumamosi, 15 Agosti

Tumekwenda na gari la bima. Mama mbele, amevaa sweta. Mimi nyuma katikati, kati ya Dada na mke wangu, mayai ya kuchemsha magotini.

Niliazimia nisiongee na nisifurahi. Niliazimia pia nikae macho mpaka ule mteremko, niutazame vizuri, sasa kwa kuwa naujua ukweli wake. Lakini vile viti! Mtu anazama, kumtoa ni kazi. Niliposhtuka tulikuwa tumesimama, shavu langu liko begani kwa Dada, na Mama mdogo anagonga kioo. Mteremko umepita zamani. Mama anasema ulikuwa mzuri sana. Hakutapika hata mara moja.

Alipokumbatiana na mdogo wake mlangoni, hakuna aliyetangulia kuachia. Shemeji mwenyewe hakutazama saa.

Jumapili, 16 Agosti

Asubuhi nilitoka kunyoosha miguu, nikafuata kuku nyuma ya nyumba.

Wanalala ndani ya pikapu! Pikapu ya marehemu baba mdogo, mume wa Mama mdogo, ipo pale chini ya mabati, kuku mmoja anaatamia chini ya usukani. Nimesogeza majani nikafuta kioo. Moyo wangu! Rangi yenyewe ni ya kijani, ile ile niliyo nayo nyumbani.

Ghafla nikaona yote. Mama na mimi tunabaki hapa wiki mbili, wao watangulie, kisha tunaingia mtaani kwetu na pikapu hii, jioni, taratibu, Shemeji amesimama getini na kandambili zake.

Nimemuuliza Mama mdogo ina tatizo gani. Anasema haina tatizo lolote, baba mdogo aliitunza kama yai, ila injini waliiuza.

Injini tu! Na mimi nilidhani ni jambo kubwa.

Nimemwomba asimwambie mtu. Nimeshaanza kuhamisha kuku.